Kuongeza Mshiko wa Magurudumu ya Nyuma ya Camaro ya 1967 hadi 1969 kwa Mbio za Dragi

Anayeipeleka Chevrolet Camaro ya mwaka 1967 yenye injini ya V8 kwenye njia ya dragi, ile njia iliyonyooka ambako magari mawili hushindana, kwa mara ya kwanza hutegemea kusikia mngurumo wa injini, lakini sauti inayomshtua hutoka nyuma. Taa ya kijani inawaka, anakanyaga mafuta hadi mwisho, na ekseli ya nyuma inaanza kutetemeka na kugonga kwa mapigo ya haraka mithili ya nyundo ya fundi bati. Tairi zinaruka na kutua, propela, lile bomba linalopeleka mzunguko wa injini hadi ekseli ya nyuma, inapata kipigo kila zinapotua, na gari la njia ya pili limekwisha kuondoka. Nimewaona wenye magari wengi wakirudi gereji baada ya siku ya namna hiyo na kununua kabureta kubwa zaidi, ilhali nguvu waliyokuwa nayo tangu mwanzo ilikuwa bado haijafika kwenye lami.

Mwongozo huu unahusu Camaro ya kizazi cha kwanza, lakini mengi yaliyomo yanafaa pia kwa Mustang za mwanzo, Nova ya kuanzia 1968, Dodge Dart na Plymouth Barracuda, yaani magari ya Marekani ya enzi hiyo yaliyofungwa injini kubwa huku ekseli nzima ya nyuma ikibebwa na springi za majani. Msomaji aliyewahi kulala chini ya pikapu ya Hilux au Land Cruiser tayari anazijua springi hizo: vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikafungwa kwenye ekseli kwa yu-bolti. Tofauti ni kwamba pikapu hubeba mzigo, na hapa kazi kubwa ya springi ni kuhimili msokoto.

Kipimo cha kazi yote hii ni muda wa mita 18.3 za kwanza, ambazo ni futi 60, unaochapishwa kwenye karatasi ya matokeo ya kila mbio. Gari la barabarani lenye tairi za kawaida huzimaliza kwa sekunde 2.0 hadi 2.2, na gari lilelile likiwekwa sawa upande wa nyuma linaweza kushuka chini ya sekunde 1.7 bila injini kuguswa. Kanuni inayotumiwa na wakimbiaji wengi ni kwamba kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa katika mita hizo hurudi ikiwa sekunde 0.15 hadi 0.2 mwishoni mwa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kifaa cha injini kinachotoa faida ya namna hiyo kwa bei ya jozi ya tairi na vyuma viwili vya kufunga chini ya springi.

Kinachotokea pale unapokanyaga mafuta

Tuchukue injini inayotoa nyutoni-mita 540, gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.52 na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, yenye uwiano wa 3.73. Ukizidisha, unapata takriban nyutoni-mita 5,000 kwenye ekseli. Nguvu hiyo inazungusha magurudumu kwenda mbele, na kwa kiasi hichohicho inataka kuizungusha hausingi ya ekseli kwenda kinyume, pua ya difu ikielekea juu. Kitu pekee kinachoizuia ni springi. Camaro zote za 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na springi ya jani moja tu kila upande, na jani moja halina uwezo wa kuvumilia msokoto huo: nusu yake ya mbele inajikunja kwenda juu na nusu ya nyuma inajikunja kwenda chini, likapata umbo la herufi S. Likishafika mwisho wa kujikunja, tairi inapoteza mshiko, jani linajinyoosha kwa ghafla, tairi inashika tena, na mzunguko unaanza upya mara nyingi kwa sekunde. Huko ndiko kurukaruka kunakovunja krosi (viungo vya propela), meno ya difu na vishikio vya shokapu. Chevrolet wenyewe waliliona tatizo, na kwa mwaka wa 1968 wakaweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili zipingane na msokoto, pamoja na springi za majani mengi kwenye magari yenye injini kubwa. Ford nao walitumia mpangilio kama huo wa shokapu kwenye Mustang za injini ya 428 Cobra Jet zenye gia za mkono.

Nguvu ya pili ni ya pembeni, na wengi hawaifikirii mpaka waone alama moja tu ya mpira kwenye lami. Propela, ukiitazama kutoka nyuma ya gari, inazunguka kinyume cha mwendo wa saa, na inajaribu kuibingirisha ekseli nzima upande huohuo, hivyo gurudumu la kushoto linakandamizwa na la kulia linanyanyuliwa. Kwa hesabu yetu propela inabeba nyutoni-mita 1,360. Ukigawanya kwa upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu, unapata karibu nyutoni 900, ambazo ni sawa na uzito wa kilo 90 unaotaka kuondoka gurudumu la kulia na kuhamia la kushoto. Bodi nalo linajipinda kinyume, kona ya nyuma kulia ikizama na ya mbele kushoto ikipanda. Sehemu ya kilo hizo hurudishwa na springi za nyuma kadiri bodi linavyozikandamiza upande wa kulia, na sehemu inayobaki ndiyo tunayoifanyia kazi.

Nguvu ya tatu ni rafiki. Gari linapochomoka, uzito unahamia nyuma kulingana na kasi ya kuongeza mwendo, urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini, na umbali kati ya ekseli mbili, ambao kwa Camaro ni mita 2.74. Gari la kilo 1,550 lenye kitovu cha uzito kwenye nusu mita, likichomoka kwa nguvu iliyo sawa na mvutano wa dunia, linahamisha kama kilo 280 kwenda nyuma. Angalia kwamba katika hesabu hiyo hakuna mahali palipoandikwa kiasi cha pua ya gari kupanda. Pua iliyoinuka sana inapendeza kwenye picha, na kweli inapandisha kitovu cha uzito kidogo, lakini uzito hauhami kwa sababu ya kuinuka. Unahama kwa sababu gari linaongeza mwendo. Anayelielewa jambo hili hatapoteza fedha kulifanya gari lake lisimame wima.

Neno ninalotaka msomaji alishike katika haya yote ni kwamba msokoto wa ekseli si wa kuzuiwa tu. Nguvu ileile inayolikunja jani ndiyo inayoweza kuisukuma tairi ikandamize lami, iwapo utaipatia mahali pa kuegemea.

Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Weka gari kwenye stendi imara, usitegemee jeki peke yake, kisha pita kila kiungo kwa mkono na tochi. Mpira wa tundu la mbele la springi ndio unaopokea msukumo wote wa kulipeleka gari mbele, na baada ya zaidi ya miaka 50 mara nyingi umekauka na kupasuka. Chomeka nondo ndogo ukiusukuma, na ukiona tundu linacheza, bushi imekwisha. Badala yake weka bushi za poliuretani upande wa mbele. Upande wa nyuma, kwenye kiungo kinachobembea, springi ihamehame kwa uhuru kadiri inavyorefuka, kwa hiyo usikaze hadi kikagoma. Angalia boliti ya katikati ya springi, kwa sababu ikikatika ekseli husogea na gari huanza kutembea kikaakaa. Angalia bodi mahali springi inapofungwa. Kutu hapo inapaswa kukatwa na kuchomelewa upya kwanza, kabla ya kufikiria mbio.

Usisahau mpira wa kushoto unaoshikilia injini. Desemba 1971 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, iliita karibu magari milioni 6.7 kwa ajili ya mipira hiyo, Camaro za kizazi hiki zikiwamo, kwa kuwa ikikatika injini huinuka upande wa kushoto na inaweza kuvuta waya wa mafuta ikauacha wazi. Katika mbio, jambo hilo ni hatari ya kweli.

Mwisho, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka gia huru, na uzungushe moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu yako ni ya wazi, na kila utakachofanya kwenye springi kitaishia kulisaidia gurudumu moja. Tafuta kwanza difu ya Positraction, ile inayoyafunga magurudumu mawili yasaidiane, kisha endelea.

Tairi na upepo wake

Tairi ya barabarani yenye kashata ngumu haina mpira laini wa kutosha, na hakuna chuma kitakachofidia hilo. Kwa gari linalotumika pia barabarani, radiali ya dragi iliyoruhusiwa kutembea mjini ndiyo chaguo langu la kwanza. Saizi ya 275/60-15 inapendwa sana, ingawa kwenye Camaro mara nyingi hudai rimu yenye kina sahihi na ukingo wa ndani wa madigadi ukunjwe. Pima nafasi ukiwa umeondoa shokapu na kuishusha bodi hadi mpira wa mwisho, maana tairi inayopita vizuri gari likiwa limesimama inaweza kukatwa na bati gari linapobonyea.

Tairi laini kabisa zisizo na kashata, zenye ukuta unaojikunja, hupendelea upepo mdogo, pauni 10 hadi 14 kwa gari la uzito huu, na radiali za dragi hufanya kazi vizuri kati ya pauni 15 na 20. Anza upande wa juu wa kiwango, kisha punguza pauni moja kwa kila mbio huku ukisoma alama iliyobaki kwenye lami. Alama nyeusi katikati na hafifu pembeni inaonyesha upepo umezidi; alama nyeusi pembeni na hafifu katikati inaonyesha umepungua. Pima kwa geji ileile siku zote, na upime tairi zikiwa na joto lilelile, kwa sababu pauni mbili zilizoongezeka kutokana na jua zinatosha kubadilisha matokeo ya siku nzima.

Kuna kipimo kidogo ninachokipenda. Chora mstari mmoja wa chaki nyeupe unaoanzia kwenye rimu na kuendelea juu ya ukuta wa tairi, kila upande. Baada ya mbio mbili inama uutazame. Ikiwa mstari umekatika na kipande cha tairi kimebaki nyuma ya kipande cha rimu kwa upana wa kidole, tairi inateleza ndani ya rimu. Upepo ni mdogo mno, au rimu inahitaji skrubu za kuishikilia. Mara nyingi mtu hulaumu springi kumbe ni rimu inayozunguka ndani ya tairi yake.

Springi na vyuma vya kuegemea

Kama gari bado lina jani moja, badilisha uweke springi za majani mengi. Lakini majani mengi na magumu kupita kiasi hayafai, kwa kuwa gari halitasogea kabisa na tairi itapigwa kwa ghafla. Wakimbiaji wa magari ya Chrysler walilitatua hili zamani kwa namna iliyo rahisi kuiga. Kwenye magari yao ekseli haikai katikati ya springi. Nusu ya mbele ni fupi na nusu ya nyuma ni ndefu. Wao huyabana majani ya nusu ya mbele kwa vibano vya chuma yashikamane yawe kama mkono mmoja mgumu, na huyalegezea vibano yale ya nusu ya nyuma ili yateleze na kufanya kazi ya springi. Nusu ya mbele ikiwa ngumu, msokoto hauwezi kuikunja, hivyo unalazimika kuinua bodi na kuikandamiza ekseli. Springi za Super Stock za Chrysler zilikwenda mbele zaidi: ya kulia iliundwa tofauti na ya kushoto ili iwe na nguvu zaidi, ikapingana na ule msokoto wa propela. Chrysler pia waliweka kitako cha mpira juu ya pua ya difu, ambacho hugonga sakafu ya gari pua inapopanda, na kila kinachosukuma sakafu juu kinasukuma tairi chini.

Kwa Camaro, hatua inayofuata vibano ni mikono ya kuzuia msokoto. Ile ya zamani na ya bei nafuu ni chuma kimoja kila upande, kinachofungwa chini ya springi pamoja na yu-bolti na kufika mbele kikiwa na kitako cha mpira. Ekseli inapojisokota, ncha ya mbele inapanda na kugonga. Kosa linalofanywa na wengi ni kununua mkono mfupi ambao kitako chake kinagonga katikati ya jani, kwa hiyo badala ya kulizuia unalikunja mahali papya. Kitako kinatakiwa kiwe chini kabisa ya tundu la mbele la springi, mahali ambapo nguvu inaingia moja kwa moja kwenye bodi. Dereva akiwa ameketi ndani, upande wa kulia kitako kiwe karibu kugusa, na upande wa kushoto acha nafasi kama ya sentimita moja. Kwa njia hiyo gurudumu la kulia linakandamizwa mapema zaidi, na sehemu ya zile kilo 90 inarudi.

Aina ya kisasa, ambayo CalTracs za Calvert Racing ndizo zinazojulikana zaidi, haingoji kugonga. Bomba linatoka chini ya ekseli hadi kwenye bamba la pembetatu linalozunguka kwenye boliti ya mbele ya springi, na ekseli inapojisokota, bomba linalisukuma bamba, nalo linakandamiza sehemu ya mbele ya springi kutoka juu ili isijikunje. Faida yake ni kwamba nguvu inaanza kufanya kazi papo hapo bila kishindo, na gari likiwa barabarani springi inabaki huru. Unapoyafunga, gari liwe limesimama kwa magurudumu yake na dereva au mzigo wa uzito wake uwe kwenye kiti. Zungusha bomba hadi ulegevu wote uishe na bado uweze kulizungusha kwa vidole, kisha funga nati. Hapo ndipo sifuri yako. Ongeza mkazo wa robo mzunguko kwa wakati mmoja upande wa kulia, baada tu ya kuona kwenye video kwamba gari linapinda. Niliwahi kuifuatilia Camaro moja ambayo mwenyewe alikuwa ameyakaza mabomba yote mawili kwa nguvu siku ya kwanza. Gari liliondoka likivutwa kushoto, na tulimaliza mchana kutafuta kosa kwenye breki. Tulipoyarudisha kwenye sifuri, likanyooka.

Kwa wenye Chevelle ya 1964 hadi 1972, yenye springi za koili na mikono minne, kanuni ni ileile kwa vyuma tofauti. Mikono ya chini ifungwe bati pande zote isipinde, kituo cha mikono ya juu kwenye ekseli kipandishwe kwa vishikio maalumu ili msokoto uinue bodi kwa nguvu zaidi, na mfuko wa hewa uingizwe ndani ya koili ya kulia ukijazwa upepo kidogo kidogo hadi gari liondoke sawa.

Pembe ya pinioni

Hapa ndipo pana kazi ndogo yenye athari kubwa, na ndipo watu wengi hukosea. Pinioni ni gia ndogo iliyo kwenye pua ya difu, inayoungana na propela. Springi inapojikunja, pua ya difu inapanda; kwa hiyo inapaswa ianze ikiwa imeinama, ili wakati wa kazi pinioni na propela zije kukaribia kuwa kwenye mstari mmoja. Weka kipimo cha pembe juu ya propela uandike namba, kisha kiweke kwenye uso wa pinioni uandike ya pili, gari likiwa limebeba uzito wake kwenye magurudumu. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo pembe unayoitafuta. Kwa springi za majani zisizo na mikono, nyuzi 5 hadi 7 za kuinama chini zinafaa. Ukiwa na mikono inayozuia msokoto vizuri, nyuzi 2 hadi 4 zinatosha, kwa sababu ekseli haijisokoti tena kiasi kile.

Marekebisho hufanywa kwa kabari zinazowekwa kati ya springi na kiti chake cha ekseli. Tumia kabari za chuma, kwani zile za alumini hubonyea na kupasuka, na zikipasuka yu-bolti zinalegea. Ukishaipata pembe inayokufaa na ukaona hutaibadilisha, mpe fundi wa kuchomelea ahamishe viti vyenyewe, kisha utupe kabari.

Shokapu na upande wa mbele

Ukishafunga mikono, ekseli inakuwa na nguvu ya kulisukuma bodi juu kwa haraka, na kama shokapu za nyuma zimelegea, nafasi kati ya tairi na madigadi inafunguka ghafla, tairi inakandamizwa kwa nguvu kwa sehemu ndogo ya sekunde, halafu inaachwa bila uzito na kuanza kuzunguka bure. Video iliyopigwa kutoka ubavuni, simu ikiwa chini usawa wa rimu, itakuonyesha hili waziwazi. Ukiona nafasi inafunguka na kufunga upesi, ongeza ugumu wa kurefuka. Ukiona bodi linabaki chini na ukuta wa tairi haukunjiki, legeza. Shokapu za kurekebishika ndizo zinazokuwezesha kufanya hivyo bila kununua jozi tatu tofauti. Funga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya kila shokapu ya mbele, uisukume hadi chini, na baada ya mbio mahali ilipo patakuambia shokapu ilijibana kiasi gani pua iliporudi.

Kwa upande wa mbele, shokapu zinazoitwa 90/10 hurefuka kwa urahisi na kujibana kwa shida, hivyo pua inapanda haraka na kushuka polepole. Zinafaa kwenye njia ya dragi, lakini barabarani gari linaelea na breki zinakuwa na tabia mbaya, kwa hiyo anayetumia gari kila wiki achague 70/30 au za kurekebishika. Wakongwe wa Camaro hufunga springi za mbele za gari lenye silinda sita, na wa Chrysler hutumia nondo nyembamba za msokoto za gari la silinda sita, ambazo ndizo springi zao za mbele, kwa sababu springi laini iliyobanwa zaidi inahifadhi nguvu ya kuinua pua.

Stabilaiza ya mbele, ile nondo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili bodi lisilale, ikifunguliwa upande mmoja siku ya mbio, kona mbili za mbele zinapanda kwa uhuru, lakini lazima ifungwe tena kabla ya kutoka uwanjani. Stabilaiza ya nyuma ni hadithi nyingine, na mimi naithamini kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Kumbuka kwamba bodi linajipinda kinyume cha ekseli. Kadiri msukumo huo wa bodi unavyorudishwa kupitia nyuma badala ya mbele, ndivyo unavyofuta ule msokoto wa propela, na magurudumu mawili yanabaki na uzito unaokaribiana. Stabilaiza nene ya nyuma inafanya hilo bila mkazo wowote wa awali, na gari haliwi na kona moja iliyoinuka likiwa limeegeshwa.

Betri nayo ihamishiwe kwenye buti upande wa kulia, karibu kabisa na nyuma. Ni kilo kama 18 zinazotoka mbele na kukaa palipopungukiwa. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, zinadai swichi ya kukata umeme inayofikika kutoka nje, nyuma ya gari, pale betri inapohamishwa. Kanuni hizohizo zinadai kitanzi cha chuma cha kuizunguka propela, kisichozidi sentimita 15 kutoka krosi ya mbele, kwa gari linalotumia tairi laini na kumaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au pungufu. Kifunge hata kabla hujafika muda huo, maana mshiko mpya ndio unaovunja krosi za zamani, na propela iliyokatika mbele inachimba lami na kulinyanyua gari.

Siku ya majaribio

Nenda na daftari. Andika upepo wa kila tairi, joto la lami kama una kipimo, mpangilio wa shokapu, nafasi ya vitako au mkazo wa mabomba, mizunguko ya injini ulipoachia klachi, na muda wa mita 18.3. Kwenye kisanduku cha maji, anayetumia radiali zenye kashata alizungukie dimbwi, kisha arudi nyuma hadi ukingo wenye unyevu kidogo tu, kwani kashata hubeba maji hadi kwenye mstari wa kuanzia. Zipashe tairi joto hadi moshi wa kwanza, huku kufuli ya breki za mbele ikiwa imefungwa, halafu usogee taratibu.

Fanya mbio tatu bila kubadilisha kitu ili upate msingi wa kulinganishia. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu, na ukifanyie mbio mbili. Fuata mpangilio huu: upepo kwanza, kisha mizunguko ya kuondokea, kisha shokapu, na mikono iwe ya mwisho. Tairi zikizunguka tangu mita ya kwanza, shida ni mpira, joto au mizunguko mingi mno ya injini. Zikishika kwanza halafu zikaachia baada ya gari kusogea urefu wake mmoja au mawili, karibu kila mara ni shokapu ya nyuma inayorefuka haraka. Gari likivuta kulia, gurudumu la kushoto linafanya kazi peke yake. Ongeza mkazo wa kulia kidogo. Likivuta kushoto, umeuzidisha.

Baada ya mbio ya tatu, gari likiwa limepoa, lala chini yake na spana ya kipimo ukaze upya nati zote za yu-bolti, kwa sababu majani mapya na kabari mpya hujilaza, na nati iliyokazwa vizuri gereji asubuhi inaweza kukubali robo mzunguko mwingine kabla ya saa sita mchana.